Daftari la saa zako ni sehemu ya mshahara wako

Nilifanya usafi wa ofisi kwa miaka mingi, na nililoliona ni kwamba mwenye mshahara mdogo ni nadra kuporwa kwa mkupuo. Anamegwa kidogo kidogo. Leo anaambiwa awahi kupanga vifaa na muda huo hauhesabiwi, kesho siku aliyougua inakatwa bila maelezo, mwisho wa mwezi anakuta makato ya sare ambayo hakuambiwa alipoajiriwa. Akilalamika anaitwa msumbufu, kwa sababu kila kinachokatwa kinaonekana kidogo. Kidogo kwa nani? Kwangu mimi kilikuwa kodi ya chumba.

Ndiyo maana nakushauri uanze na daftari la mfukoni. Kila siku, kabla sijavua sare, niliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kama nimebakizwa, nani kanibakiza. Kurasa za nyuma zilikuwa za fedha: nilichoahidiwa, nilichopokea, tarehe ya kupokea. Usisubiri mwisho wa wiki uandike kwa kukumbuka, maana hapo ndipo utakapobanwa. Kurasa zipige picha kwa simu, daftari hupotea.

Kuna mwezi malipo yangu ya saa za ziada hayakuonekana. Msimamizi akasema hana kumbukumbu yoyote. Nikamfungulia daftari, tukalinganisha na orodha ya zamu, siku kwa siku. Sikulipwa zote, ila zile zilizooana na orodha nililipwa, na tangu hapo saa zangu hazikupotea tena.

Usiende kudai kama anayeomba msaada. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mshahara ulipwe kwa wakati, na makato yafanyike tu kwa masharti ya sheria, makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi. Ndugu zetu wanaofanya kazi za majumbani wana Mkataba namba 189 wa mwaka 2011, unaotaka wapate mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Si nchi zote zilizoiridhia, kwa hiyo ulizia sheria ya kazi ya kwenu inasemaje, kwenye chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Na msiende mmoja mmoja. Anayedai peke yake kesho ataambiwa kazi imekwisha. Mkiwa watano wenye madaftari yanayosema jambo moja, hata mwajiri mkali atakaa chini asikilize.

Wewe unayeajiri, mwandikie mfanyakazi wako makato yote kwenye karatasi, na umpe siku chache kabla ya malipo, apate muda wa kuuliza. Na akiuliza, mjibu bila kumfokea.