Kupanda farasi pamoja na mbio na vyuma

Umeuliza kama unaweza kuendelea na mbio na kunyanyua vyuma bila kudhoofisha upandaji wako wa farasi. Inawezekana kabisa: katika Olimpiki, mchezo wa pentathloni ya kisasa uliwataka wanamichezo wapande farasi, waogelee na kukimbia tangu 1912 hadi 2024. Muhimu ni mpangilio wa siku. Usipande farasi siku inayofuata mazoezi mazito ya miguu, kwa sababu misuli ya ndani ya mapaja ikiwa imekaza, magoti hubana tandiko, visigino hupanda juu, na nyonga hukosa ulegevu unaomwezesha mpandaji kufuata mwendo wa mgongo wa farasi. Aliyechoka hivyo huanza kujishikilia kwa hatamu, zile kamba za kumwongozea farasi, na anayeumia ni farasi, maana kila mvuto humfikia mdomoni kupitia lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mengine yote.

Mbio nazo hukaza nyonga na vigimbi vya miguu. Kwa hiyo ukimaliza kukimbia, simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, ushushe visigino taratibu, kisha unyooshe nyonga. Kuogelea hujenga pumzi bila kuichosha sana miguu. Vyuma usiviache, ila zidisha mazoezi ya tumbo na mgongo, na uufanyie kazi kila mguu peke yake, kwani mguu mmoja ukiuzidi mwingine nguvu, ni rahisi kukaa ukiwa umeegemea upande mmoja tandikoni.