Ruhusa iliyo kwenye karatasi tu

Unasema sheria zinazokataza kutoa mimba zimeshamkumbuka aliyebakwa kwa kumwekea ruhusa, kwa hiyo wanaolalamika wanatafuta kisingizio. Tazama Marekani tangu Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu yake ya 1973 katika kesi ya Roe, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kuyaachia majimbo yaamue. Texas haikumwekea aliyebakwa ruhusa yoyote. Mississippi iliiweka, ila kwa sharti kwamba mashtaka rasmi ya ubakaji yawe yamefikishwa polisi. Idaho inataka daktari apewe nakala ya ripoti ya polisi, na tangu 2023 ruhusa yenyewe inaishia miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Sasa mfikirie binti aliyebakwa na baba wa kambo. Amshtaki mtu anayemlisha, ndani ya wiki chache, wakati hajapata hata nguvu ya kumwambia mama yake? Watoto wengi hata hawajui kuwa wana mimba mpaka tumbo lionekane. Daktari naye anaogopa jela na kunyang'anywa leseni, basi anamwambia aende kwingine.

Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba kiumbe tumboni hana kosa. Sikubaliani nao kuhusu sheria, lakini hoja yao naiheshimu. Ninayembishia ni wewe unayesema "ruhusa ipo" bila kuuliza nani anaweza kuifikia. Kama tunataka ruhusa hiyo imsaidie kweli aliyebakwa, tamko lake mbele ya daktari litoshe, na apewe muda wa kutosha kuamua. Kesi ya polisi ifuate akiwa tayari.