Uliumia kazini California na ulikuwa na ulemavu wa zamani? Usiufiche

Watu wetu wengi wanaoumia kazini hapa California humficha daktari jambo moja: ulemavu waliokuja nao. Mguu uliopooza utotoni, jicho lisiloona, mkono uliovunjika ukaungwa vibaya kijijini, kisukari cha miaka mingi. Wanahofia kampuni ya bima itasema huyu alikuwa mgonjwa tangu zamani, na fidia ipungue. Hofu hiyo ina msingi, nitaeleza. Lakini ulemavu huohuo unaweza kukupa haki ya malipo ya ziada, hata ya maisha, kutoka mfuko ambao sikuwahi kusikia ukitajwa na mtu yeyote wa kwetu hadi nilipoumia.

Mfuko wenyewe unajulikana kwa herufi SIBTF, kifupi cha Subsequent Injuries Benefits Trust Fund. Ni wa serikali ya jimbo, na kazi yake ni kumlipa mtu aliyekuwa na ulemavu kisha akaumia tena kazini. Sheria yake ni ya mwaka 1945, wakati wanajeshi walikuwa wanarudi kutoka Vita Kuu ya Pili wakiwa wamepoteza viungo na wanatafuta ajira. Mwajiri wa siku hizo alipomwona mtu wa jicho moja aliwaza: huyu akipoteza la pili kiwandani kwangu, nitalipia upofu mzima. Ndipo mzigo ukagawanywa. Mwajiri alipie jeraha lililotokea kwake, na mfuko ubebe tofauti. Fedha zinatokana na tozo wanazolipa waajiri wa jimbo zima, kwa hiyo ukidai huko huchukui chochote mfukoni mwa bosi wako. Nasema hivi kwa sababu najua wenzetu wanaoacha haki yao kwa kumwonea haya aliyewapa kazi.

Mimi nilipata polio nikiwa mtoto mdogo, na mguu wa kushoto ukabaki mwembamba na mfupi. Hapa nilikuwa nafanya kazi ghalani, kufunga mizigo. Siku moja nikishuka ngazi ya rafu na kasha mikononi, goti la kulia, lile zima, likapinda. Nilifanyiwa upasuaji, lakini halikurudi lilivyokuwa.

Baada ya matibabu nilipelekwa kwa daktari mtathmini, yule wanayemwita QME, ambaye ndiye huandika ulemavu wako ni asilimia ngapi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2004, daktari huyo lazima aseme pia ni sehemu gani imesababishwa na kazi na ni ipi ina chanzo kingine. Kwangu aliandika kwamba sehemu ya uharibifu wa goti ilitokana na miaka mingi ya mguu wa kulia kubeba uzito wa ule wa kushoto. Fidia kutoka kwa mwajiri ikapungua. Iliniuma sana, kwa sababu ilikuwa kama polio inaniadhibu mara ya pili. Baadaye wakili akanionyesha aya ileile na kuniambia ndiyo ushahidi tunaouhitaji: daktari wa kesi, kwa maandishi yake, amekiri kwamba nilikuwa na ulemavu kabla ya ajali. Ningemficha daktari polio, mlango wa mfuko ungefungwa pale pale.

Masharti ni haya. Ulemavu wako wa zamani ukiunganishwa na huu mpya lazima ufike angalau asilimia 70. Kisha jeraha jipya peke yake, kabla ya marekebisho ya umri na aina ya kazi, lifike angalau asilimia 35. Ila kuna nafuu kubwa ambayo wengi hawaijui: kama ulemavu wa zamani ulikuwa kwenye mkono, kiganja, mguu, wayo au jicho, na jeraha jipya limepiga kiungo kilekile cha upande wa pili, asilimia 5 inatosha badala ya 35. Mguu wa kushoto wa polio na mguu wa kulia wa ghalani, hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Tuchukue mfano wa tarakimu rahisi, si zangu. Mtu ana ulemavu wa zamani wa asilimia 45 kwenye mguu mmoja, kisha anaumia mguu wa pili kwa asilimia 30. Ukijumlisha unapata 75, na sharti la 70 limetimia. Angekuwa ameumia mgongo, ile 30 isingefika 35 na dai lingekwama. Na kuna hesabu nyingine ya kuunganisha asilimia, inayotumia jedwali, ambayo ingetoa kama 62 tu kwa tarakimu hizohizo. Mwaka 2020 jopo zima la Bodi ya Rufaa ya Fidia ya Wafanyakazi liliamua kwamba kwa mfuko huu asilimia zijumlishwe, isipokuwa pale ulemavu wa zamani na mpya unapoingiliana. Mwulize wakili wako anatumia hesabu ipi na kanuni za sasa zinasemaje, maana wabunge wa jimbo wamekuwa wakiujadili mfuko huu.

Ulemavu wa zamani si lazima uwe umetokea kazini. Unaweza kuwa wa kuzaliwa nao, wa ajali ya barabarani, wa vita, wa ugonjwa. Wala si lazima mwajiri awe alijua. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ulikuwepo kabla ya kuumia na ulikuwa unapunguza uwezo wako wa kufanya kazi. Hapo ndipo sisi tunapopata shida, kwani faili la zahanati ya kijijini miaka ya themanini utalipata wapi? Usikate tamaa. Mwili wenyewe ni ushahidi: daktari akipima urefu wa miguu na unene wa misuli, ataandika alichokiona. Mimi nilipeleka picha ya shuleni nikiwa nimevaa chuma cha mguu, na dada yangu mkubwa akaandika maelezo ya jinsi nilivyokuwa nikitembea. Kama uliandikishwa Kenya na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, tafuta kadi yako. Ndugu zetu Wakongo mliopitia kambi za wakimbizi, ulizieni ripoti ya uchunguzi wa afya mliofanyiwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kabla ya kusafiri. Ulemavu unaoonekana huwa umeandikwa humo, na tarehe ipo.

Kwa daktari, dai mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na si wewe unayemlipa. Usimpeleke mtoto wako akutafsirie. Mtoto hataki kusema mbele ya mgeni kwamba baba hawezi kuvaa soksi peke yake, na hilo ndilo daktari anatakiwa kulisikia.

Jihadhari pia unapofunga kesi na kampuni ya bima. Mkataba wenu haufungi mfuko, kwa kuwa mfuko haukuwa sehemu yake, na malipo ya mkupuo mara nyingi huachwa bila kutaja asilimia yoyote, hivyo mbele ya mfuko asilimia zako utalazimika kuzithibitisha mwenyewe. Wakenya tuliozoea WIBA, ile sheria yetu ya fidia ya kuumia kazini ya 2007, ambako ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96 na mambo yanaisha, tunadhani hundi ikitoka ndiyo mwisho. Hapa, anayefikisha asilimia 70 hadi chini ya 100 hulipwa kila wiki kwa muda maalumu, kisha pensheni ndogo ya maisha. Wa asilimia 100 hulipwa kiwango kikubwa zaidi hadi kufa kwake. Mfuko hukata malipo mengine unayopata kwa ajili ya ulemavu ule wa zamani, kwa hiyo yataje yote mapema.

Kutokuwa na makaratasi ya uhamiaji hakukunyimi fidia ya kuumia kazini. Sheria ya California inamhesabu kuwa mfanyakazi hata aliyeajiriwa bila kibali. Wakili huchukua asilimia iliyoidhinishwa na jaji, hulipi mwanzoni. Na kabla hujampata, nenda kwa maofisa wa Habari na Msaada walio katika ofisi za wilaya za Idara ya Fidia ya Wafanyakazi, kama zile za San Diego, Oakland na Sacramento. Huduma yao ni bure. Waambie unataka kuuliza kuhusu SIBTF, na uwasilishe dai lako kabla miaka 5 haijatimia tangu tarehe ya kuumia. Anayegundua haki hii baadaye kupitia uamuzi wa kesi yake huweza kuruhusiwa muda mwingine wa kadiri, lakini hapo ni lazima aeleze kwa nini alichelewa.