Mahadev haitaki haraka: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umesema umeanza kuangalia Devon Ke Dev... Mahadev, tamthilia ya Kihindi kuhusu mungu Shiva, umechoshwa na sura moja kuonyeshwa mara tatu huku radi zikipiga, na unauliza uendelee au uachane nayo. Wadau wengi wamekushauri uruke mbele. Mimi nakuomba usiruke, angalau mpaka kisa cha Sati, mke wa kwanza wa Shiva, kiishe.

Nilisoma Vadodara, jimbo la Gujarat, India, miaka ile tamthilia hii ikiwa hewani. Ilianza tarehe 18 Desemba 2011, siku ileile chaneli ya Life OK ilipozinduliwa, ikamalizika Desemba 2014 ikiwa na vipindi 820. Nilipanga chumba kwa familia ya Kigujarati ambayo bibi yao, sote tukimwita Ba, alikuwa amezaliwa na kukulia Tanga. Kiswahili chake kilikuwa bado kizima kabisa. Yeye ndiye aliyenikaribisha sebuleni kila ilipofika saa mbili usiku.

Pale sebuleni hapakuwa na mtu anayesubiri kujua nini kitatokea. Hata mjukuu mdogo alijua kwamba Daksha, baba yake Sati, ataandaa ibada kubwa ya moto na kumtenga mkwewe Shiva; kwamba Sati atakwenda bila mwaliko, mumewe atukanwe mbele ya miungu wote, na yeye aishie motoni. Lakini usiku ule Mouni Roy, aliyeigiza Sati, aliposimama kumjibu baba yake, Ba alivua kandambili, akavuta ncha ya sari kufunika kichwa, akaunganisha viganja. Mjukuu alikuwa anatafuna chapati. Ba akamwondolea sahani bila hata kumtazama, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Binti wa watu anakufa, nyie mnakula?" Nikaweka kikombe changu cha chai chini. Kilipofuata kisasi, pale Shiva anapong'oa shungi la nywele zake, akatokea humo Virabhadra, shujaa mkali, na kumkata Daksha kichwa, Ba hakufurahia hata kidogo. Alitulia tu Daksha alipofufuliwa na kupewa kichwa cha mbuzi.

Sasa rudi kwenye hizo sura zinazokuchosha. Mhindu mcha Mungu huenda hekaluni kumwona mungu wake, na anaamini kwamba naye anaonwa. Kule kutazamana ni ibada kamili. Kwa hiyo kamera inapoganda kwenye uso wa Mohit Raina, aliyeigiza Shiva, macho nusu yamefumbwa, majivu kwenye paji, wapo mamilioni wanaotaka ikae hapohapo. Wewe unaona hadithi imesimama; Ba alikuwa anaomba. Sikatai kwamba biashara nayo ipo: tamthilia ya kila siku lazima ijaze muda, na mapigano mengi na asura, yaani mapepo maadui wa miungu, yamevutwa kupita kiasi. Hayo yapite tu, hutapungukiwa kitu.

Mambo haya hayakuanza na Mahadev. Kila Jumapili asubuhi, kuanzia tarehe 25 Januari 1987 hadi Julai 1988, Doordarshan, televisheni ya taifa, ilirusha Ramayan ya Ramanand Sagar, tamthilia ya kisa cha mungu Rama na mkewe Sita, iliyopigwa picha Umbergaon hukohuko Gujarat. Ba alinisimulia jinsi watu walivyooga kwanza ndipo wakakaa mbele ya runinga, na runinga yenyewe kuvishwa shada la maua na kufukiziwa udi. Waigizaji nao walibeba uzito huo. Deepika Chikhalia, aliyekuwa Sita, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1991, tena kutoka Vadodara, jimbo la uchaguzi ambalo wakati ule liliitwa Baroda. Arvind Trivedi, aliyeigiza Ravana, adui aliyemteka Sita, akaingia bunge hilohilo kutoka Sabarkantha, na wote wawili kwa tiketi ya BJP, chama cha utaifa wa Kihindu. Zilikuwa zama za kampeni ya kutaka hekalu la Rama lijengwe mjini Ayodhya, iliyoishia kwa kubomolewa msikiti wa Babri uliokuwa mahali hapo tarehe 6 Desemba 1992, na wasomi wamebishana sana kuhusu mchango wa tamthilia ile katika joto hilo la siasa. Ukiipenda sanaa hii, ni haki uijue na historia yake hiyo.

Ijue pia na hii: mazungumzo ya Mahabharat ya B.R. Chopra, tamthilia ya vita vya ndugu wa ukoo mmoja wa kifalme iliyofuata mwaka 1988, yaliandikwa na Rahi Masoom Raza, mshairi Mwislamu. Yale maneno mazito ya wahusika wake, mzee Bhishma na mungu Krishna, ambayo wazee wa Kihindu wanayakariri mpaka leo yametoka kwenye kalamu yake. Kwangu mimi hakuna jambo kwenye historia ya tamthilia hizi linalonigusa kuliko hilo.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Maliza kisa cha Sati, kisha ingia kwa Parvati, ambaye ndiye Sati aliyezaliwa upya. Usikose toba yake msituni, anapojinyima chakula mpaka anaacha hata majani. Katika utenzi wa Kalidasa, Kumarasambhava, mmoja wa misingi ya tamthilia hii, Shiva anamjia amejigeuza kijana Mbrahmani, wa tabaka la makuhani, na kuanza kumponda Shiva: maskini, anavaa nyoka, analala panapochomewa maiti, unamtakia nini mtu kama huyo? Parvati anamjibu hoja kwa hoja, hamwachii hata moja, kisha anageuka aondoke ndipo mgeni anapojifunua. Ukifika hapo zima simu na usikilize. Kama bado haikuingii, basi iache bila majuto na uanze Mahabharat ya Chopra. Ina vipindi 94 tu, inakwenda kasi zaidi, na msimulizi wake ni Wakati wenyewe.