Mungu Hasimangi: Namna ya Kumpokea Anayejiona Hastahili

Ukitaka kujua kwa nini mtu hawezi kuamini kwamba Mungu anampenda bure, usianze na habari za dini. Muulize ni nani aliyemlipia karo, na amekumbushwa mara ngapi. Pwani hii ya Mombasa wengi tumelelewa kwa misaada yenye mkia. Mjomba anakulaza kwake Likoni ukitafuta kazi, kisha kila sikukuu anazihesabu sahani ulizokula, mbele ya wageni. Hayo ndiyo masimango, na aliyeyaonja huogopa kupewa kitu. Akisikia mimbarini kwamba Mungu hutoa bure, moyo wake huuliza kimya: na siku ya kusimangwa itakuwa lini?

Yakobo 1:5 inasema Mungu "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Neno la Kigiriki lililoko hapo ni la kumtupia mtu aibu usoni. Mtu wa Kisauni au Majengo angesema tu: hasimangi. Kwa maoni yangu hilo ndilo neno la kuanzia kila unapoketi na mtu anayesema "mimi sistahili", uwe mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya au mama wa maombi aliyebishiwa hodi jioni. Litaeleweka haraka kuliko "neema", ambayo masikioni mwa wengi ni mvua nzuri na chakula tele.

Kikao cha kwanza kisizidi dakika 45. Kaeni mahali ambapo watu hawapiti, lakini msijifungie. Ukumbi wa kanisa mlango ukiwa wazi unatosha, na mwanamke aketi na mwanamke mwenzake. Usishike kalamu. Mtu anayejiona mchafu akiona unaandika, atajua faili lake limefunguliwa. Mwache aseme mpaka aishiwe na maneno, hata kama anarudia yale yale.

Atakapotamka kwamba hastahili, utashikwa na hamu ya kumbishia: "Usiseme hivyo, wewe ni mtu mzuri." Izuie. Anajijua kuliko unavyomjua, na ukimsifu atakuona huelewi. Mpeleke Luka 7. Wazee wa Kapernaumu walimwendea Yesu kumwombea akida wa Kirumi ambaye mtumwa wake alikuwa mahututi, wakasema "amestahili", na sababu wakaitaja: alitujengea sinagogi. Mistari miwili mbele, akida mwenyewe anatuma neno: "sistahili". Yesu hakuwajibu wazee kuhusu lile jengo; alichokistaajabia ni imani ya yule aliyesema hastahili, na mtumwa akapona. Wakatoliki huyasema maneno ya akida huyo katika kila misa kabla ya komunyo: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Kwa hiyo mgeni wako hajakosea kusema hastahili. Amekosea kudhani kwamba hapo ndipo habari inapoishia. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", na hilo "tungali" limsomee mara mbili.

Kisha Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, na hapa usiwe na haraka. Mpe Biblia mkononi asome mwenyewe kwa sauti, mstari wa 11 hadi wa 24. Kama kusoma kunamtatiza, msomee wewe polepole. Mrudishe kwenye mstari wa 18 na wa 19, mhesabu pamoja maneno ambayo kijana aliyapanga akiwa kule kwa nguruwe. Ni matatu: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa shukeni mstari wa 21, muone ni yapi aliyoyatamka mbele ya baba. Ni mawili. Lile la tatu, la kuomba kibarua, halikutoka; mstari unaofuata baba anaagiza vazi, pete na viatu. Mwulize mgeni wako: "Wewe lako la tatu ni lipi?" Nyamaza umngoje, hata dakika mbili nzima. Kila mmoja analo. Nitafagia kanisa bila malipo. Nitatoa fungu la kumi la miezi niliyopotea. Sitakaa viti vya mbele tena. Hayo ndiyo malipo aliyokuja kuyatoa, na kazi yako siku hiyo ni kutoyapokea.

Mwonyeshe pia mstari wa 20. Baba alimwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio. Hapa kwetu mzee mwenye heshima zake hakimbii barabarani, na akikimbia mtaa mzima hutoka kutazama. Huyu alikimbia kabla hajasikia neno lolote la toba. Mwana alitubu akiwa kifuani mwa baba, shingo imeshakumbatiwa.

Kwaheri ya siku hiyo iwe fupi. Ombeni, mpe mstari mmoja wa kushika (Zaburi 103:10 unafaa: "Hakututenda sawasawa na hatia zetu, wala hakutulipa kwa kadiri ya maovu yetu"), mkubaliane siku ya kuonana tena.

Yanayoharibu kazi hii huja baadaye, na mara nyingi huletwa na watu wenye nia njema.

La kwanza ni ushuhuda wa mapema. Jumapili ya kwanza mtu anapewa maikrofoni aeleze alikotolewa, na kanisa linashangilia. Jumanne dukani wanamtazama kwa macho mengine. Dhambi yake imekuwa mali ya umma kabla msamaha haujatulia moyoni. Mimi ningengoja miezi 6 kwa uchache, na hata hapo aseme akitaka mwenyewe, tena aseme zaidi alichofanya Mungu na kidogo alichofanya yeye.

La pili ni neno "lakini". "Mungu anakupenda, lakini ujue ukirudia..." Sentensi hiyo imeshageuka masimango. Jaribu kuweka "kwa hiyo" mahali pake, uone itakavyobadilika. Waefeso 2 ina mpangilio huo huo: mstari wa 8 na wa 9 zinasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, na wa 10 ndio unaotaja matendo mema, kama kitu tulichoumbwa tukitende. Ukiutanguliza wa 10, umemrudisha mtu kwenye kibarua. Warumi 4:4 inalisema hilo kwa lugha ya mshahara: kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, "bali kuwa ni deni".

La tatu ni pesa. Kumwambia mtu aliyevunjika "apande mbegu" ili Mungu amkumbuke ni kumuuzia alichopewa bure, na sina neno laini la kuliita jambo hilo. Ukipita Kengeleni unapita Frere Town, mtaa ulioanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Hawakuokolewa kwa kujinunua. Petro aliandika kwamba tulikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu", na mji huu una mahali pa kuonyesha kwa kidole maana ya kukombolewa. Basi kwa miezi ya mwanzo kapu la sadaka likipita, mtu wako asitazamwe mkono.

Na ujumbe wa simu. "Mbona hatukukuona Jumapili?" unaonekana wa upendo, ila anayejiona mdeni anausoma kama dai. Mwandikie: "Nimekukumbuka leo, nimekuombea." Hauhitaji jibu. Wanaomfuatilia wawe wawili tu. Wakizidi, kila mmoja ataulizia jambo lile lile, naye atajiona yuko kituo cha polisi.

Wenyeji nao wanahitaji kufundishwa, pengine kuliko mgeni. Somo lao ni Mathayo 20, mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, na hapa Waswahili tuna bahati, maana saa za mfano ule ni saa zetu: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Hakuna haja ya kuzigeuza. Aliyewahi kusimama asubuhi nje ya magodauni ya Shimanzi au viwanda vya Changamwe akisubiri kuitwa anamjua mtu anayebaki getini hadi saa kumi na moja jioni: ni yule aliyerukwa tangu alfajiri. Yule wa kwenye mfano alifanya kazi saa moja tu, akapewa dinari nzima sawa na waliopigwa na jua kutwa. Zingatia pia kwamba mwenye shamba aliagiza walipwe kuanzia wa mwisho. Angewalipa wa kwanza mbele, wangeondoka na dinari yao bila kujua. Alitaka waone. Wasomee hilo waimbaji na wazee kabla mgeni hajaketi kati yao, kisha waache wanung'unike hapo hapo, kwa sauti. Nung'uniko lililosemwa kwenye somo halimfikii mgeni likiwa jicho la pembeni.

Katika ushirika wa nyumbani, Zaburi ya 136 hufanya kazi ambayo mahubiri hayaiwezi. Ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "Kwa maana fadhili zake ni za milele". Mmoja asome nusu ya kwanza, wote wajibu. Ni kama dakika 5. Ukifika mara ya 15 hivi watu huanza kusema bila kufikiri. Punguza mwendo hapo, ili mstari wa 23, "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu", usikike. Na kama nyumba iko katikati ya majirani Waislamu, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu, msiufundishe upendo wa Mungu kwa kuwasema. Jirani yako huanza kila jambo kwa kumtaja Mungu mwingi wa rehema. Semeni mlichopewa ninyi, yaani msalaba.

Kuna anayeshiriki yote isipokuwa Meza ya Bwana. Kikombe kikija anainama. Anaogopa 1 Wakorintho 11:27, kunywa "isivyostahili", na miaka inapita. Msomee kuanzia mstari wa 20. Kosa la Wakorintho linatajwa wazi: wengine walitangulia kula, huyu ana njaa, huyu amelewa, na maskini wakatahayarishwa. "Isivyostahili" inaeleza namna ya kula, haipimi thamani ya mlaji. Mstari wa 28 unasema mtu ajihoji, kisha ale. Haukusema ajihoji, kisha akae kando. Hata hivyo fuata taratibu za kanisa lenu. Kwa Wakatoliki mwenye dhambi ya mauti hupitia kitubio kwanza, naye asukumwe kwa upole kwenda kwa padre, asiachwe nje kimya kimya.

Sasa jambo ambalo wengi huliogopa: je, hatutamharibu mtu kwa upendo usio na masharti? Paulo alijiuliza hilo akajibu Hasha, Warumi 6. Jibu la vitendo ni kutochanganya kupendwa na kukabidhiwa. Aliyekula pesa za chama anasamehewa leo, lakini hashiki hazina, na pesa zirudi kidogo kidogo kwa mpango ulioandikwa na kushuhudiwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na alisema hivyo baada ya Yesu kujialika nyumbani mwake. Aliyempiga mkewe ameahidiwa msamaha wa Mungu akitubu. Hajaahidiwa kwamba mke atarudi kulala nyumba moja naye, wala mzee wa kanisa hana ruhusa ya kumsukuma mama huyo. Akiumizwa mtoto, kikao cha wazee si mahali pake. Ni polisi, au namba 116 ya kuwasaidia watoto, siku hiyo hiyo. Aliyetoka kwenye unga na anakunywa dawa ya methadoni kliniki asiambiwe aiache ili aonyeshe imani. Na mtu akisema hastahili kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

Atakapoanguka tena, maana wengi huanguka, shangwe ya mwanzo ikiwa imepoa, atazima simu. Soma Yohana 21 kabla ya kwenda kwake. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na Yesu aliyefufuka akamngoja ufuoni kwenye moto mwingine wa makaa, samaki wakiwa juu yake. Maswali matatu ya "wanipenda?" yalikuja baadaye, walipokwisha kula. Kabla ya maswali hayo aliwaita, "Njoni mfungue kinywa."

Kwa hiyo nenda asubuhi, saa moja hivi. Beba mahamri na mbaazi za watu wawili, na chai kwenye chupa ili asipate taabu ya kuwasha jiko. Akifungua mlango usiulize alikuwa wapi. Keti, mmiminie, kuleni. Akitaka kusema atasema mkishamaliza. Asipotaka, osha vikombe, mwombee kwa sentensi mbili, mwambie utapita tena Alhamisi, na Alhamisi upite.