Sponji kwanza, linki mwisho: usimwachie huyo fundi hiyo pikipiki yako

Dadangu wa Ruaka, simama hapo hapo. Usimtumie fundi depo ya kushusha pikipiki. Kama umeshatuma, mwambie akurudishie, na akikataa mwachie tu, hiyo hasara ni ndogo kuliko ile iko njiani inakuja.

Nimesoma swali lako nikiwa kwa foleni ya benki nikaguna hadi soja wa mlangoni akaniangalia. Ni kama mtu amechukua maisha yangu ya mwaka juzi akaweka jina lingine. Pikipiki ya Honda CRF250L ya mkono wa pili, wewe futi tano na inchi mbili, vidole tu ndivyo vinagusa lami, na fundi amekuambia kwa 7,000 atabadilisha linki ya shoki ya nyuma ili pikipiki ishuke inchi mbili nyuma, "kazi ya masaa mawili, mbele tuiache tu". Halafu ukauliza ni tairi gani zitashika matope ya Aprili na kama bima inafaa kuambiwa. Hayo tutayaongea siku nyingine. Leo ni hiyo "mbele tuiache tu", maana hayo ndiyo maneno niliambiwa mimi, neno kwa neno, nikatingisha kichwa kama mtu anayeelewa.

Mimi ni futi tano na inchi tatu, na hiyo inchi ya tatu ni nywele. Kiti cha CRF250L kama yangu kikitoka kiwandani kiko milimita 875 kutoka chini. Kwa jam ya Ngong Road nilikuwa nasimama kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani, na boda wananipita wakisema "mzee shuka tukusukume". Iliniuma, sitadanganya. Ndio nikaenda kwa fundi mmoja pande za Grogan hapa Nairobi, jina nimemsamehe, akanionyesha CRF nyingine kwa simu yake imelala chini vizuri, akasema hii yako nitaifanya kama hii.

Alichofanya ni hivi. Kuna vile vyuma vinavyounganisha shoki ya nyuma na swingamu, ule mkono unaobeba tairi. Hiyo ndiyo linki. Ukiirefusha, nyuma inalala. Na kwa sababu ya vile imekaa, milimita chache pale zinazaa sentimita kwa tairi, kwa hivyo ni kitu cha kupimwa kwa makini sana. Yeye alipima kwa jicho. Akachukua bamba ambalo nina uhakika lilikuwa linaenda kuwa geti la mtu huko Kayole, akakata na grainda, akatoboa mashimo na drili ya mkono, akapulizia rangi nyeusi. Masaa mawili kweli. Nikalipa 6,500, nikakalia, miguu yote miwili ikalala chini bapa, na nakuambia nilitaka kulia kwa furaha. Nikapiga hadi picha.

Hiyo furaha iliisha jioni hiyo hiyo. Nilifika kwangu nikaweka stendi, nikavua helmeti, nikageuka kuchukua begi, nikasikia kishindo. Sasa fikiria: stendi ilipimwa na watu wa kiwanda kwa pikipiki ya urefu ule wa zamani. Ukishusha pikipiki na stendi ibaki vile ilivyo, inakuwa ndefu mno, pikipiki hailali tena upande wa kushoto, inasimama wima kama askari wa gwaride, na kaupepo tu kakipita inaenda kulia. Yangu ilienda kulia, na kulia kulikuwa na gari la jirani. Mlango, 14,000 kunyoosha na rangi. Leva ya breki ya mbele na pedali, 3,200. Jirani mwenyewe hanisalimii vizuri hadi leo, ananiita "yule wa pikipiki".

Nikampigia fundi. Akaniambia nitafute jiwe niweke upande ule mwingine. JIWE. Nilitembea na kipande cha mbao kwa begi wiki tatu, mtu mzima na familia yake.

Kuhusu taa na usukani nitapita haraka kwa sababu hasira inapanda. Ukishusha nyuma peke yake, pua inaangalia juu. Taa yako inamulika ghorofa ya pili, matatu zinazokuja mbele zinakupigia taa za ful, na wewe barabara huioni. Uma wa mbele, zile foku zinazoshika tairi, unalala zaidi kuliko ulivyokusudiwa, kwa hivyo tairi ya mbele inakuwa nyepesi na pikipiki inakuwa nzito kuingia kona. Kwa Nairobi huenda usijue mapema kwa sababu tunatembea polepole kama harusi. Nenda kona za Limuru ndio utajua.

Lakini iliyonimaliza ni Magadi Road. Jumapili, mimi na mama watoto tukaenda kula nyama Olepolos. Kwenda hakukuwa na shida kubwa, nilisikia tu kama kitu kinakwaruza tukipita matuta, nikajiambia ni madigadi, kile kifuniko cha juu ya tairi, imelegea. Tukala, tukashiba, na naomba usicheke lakini nadhani hizo kilo za mbuzi zilichangia. Kurudi, giza linaingia, tumeshapita Kona Baridi tunakaribia Kiserian, nikagonga tuta moja lisilo na rangi. Nyuma ikazama, nikasikia "krrrrap", halafu kimya. Injini imekufa, taa hakuna, indiketa hakuna, hata honi. Sisi wawili gizani, na mke wangu anauliza swali moja tu kwa sauti ya upole ambayo ukiolewa au ukioa utaijua: "Si ulisema imetengenezwa?"

Hii sehemu soma mara mbili. Linki ndefu haishushi kiti tu. Inasogeza safari yote ya tairi juu. Ile pikipiki ilipimwa ili shoki ikifika mwisho, tairi ibaki na nafasi kabla ya kugusa madigadi. Ukirefusha linki, shoki bado inafika mwisho pale pale lakini tairi sasa iko juu zaidi, na ile nafasi umeikula. Ukiwa peke yako na kilo zako 55 huenda usigundue miezi. Siku utabeba mtu, au gunia, tairi itapanda na kuanza kusaga kila kitu kilicho juu yake. Yangu ilikula madigadi, ikafika kwa waya za taa za nyuma, ikazichuna hadi shaba, shaba ikagusa chuma, fyuzi ikaenda. Kama ingekamata waya badala ya kuzikata sijui ningekuwa naandika nini hapa.

Pikapu ya kutuvuta hadi Rongai, 5,000, na jamaa alikuwa ananionea huruma. Waya, fyuzi na madigadi, 7,500. Halafu fundi mwingine, mzee mmoja mpole wa Kariobangi Light, akafungua linki akaniita niangalie. Mashimo ya lile bamba la geti yalikuwa yameshakuwa na umbo la yai. Boliti zilikuwa zinacheza ndani. Bearingi za linki zimekwisha kwa sababu mashimo hayakutobolewa sawa, upande mmoja ulikuwa unavuta. Mzee hakusema kitu, alitikisa tu ile boliti na kidole ikalia kama kengele ya mbuzi. Nikamwambia basi turudishe linki ya zamani. Nikampigia yule wa Grogan. "Ile? Si nilikuambia hutaihitaji tena." Ameuza kwa wa vyuma chakavu, kwa kilo! Linki orijino na bearingi zake kuagiza, 19,000.

Jumlisha na zile 6,500 za mwanzo. Ni 55,200. Kwa hizo ningenunua viatu vya soli nene vya ukoo mzima.

Sasa sikia nilichofanya baadaye, na ndicho ungefanya kesho asubuhi. Toa kiti, peleka kwa fundi wa siti za matatu. Sio fundi wa pikipiki, wa SITI, wale wa kushona. Mwambie atoe kava, akate sponji sentimita moja, urudishe, ukalie ukiwa umevaa buti zako. Haitoshi, sentimita nyingine. Mimi tuliishia tatu. Lakini kitu kilichonisaidia kuliko hata hizo tatu ni kupunguza upana pale mbele, karibu na tangi. Watu wanaangalia urefu wa kiti wanasahau kwamba kiti kipana kinatanua mapaja, na mguu uliotanuka ni mguu mfupi. Tukachonga kingo zile, miguu ikashuka wima, visigino vikakaribia chini bila kubadilisha chuma hata kimoja cha pikipiki. Aongeze juu kasafu ka sponji ngumu, ile ya godoro la haidensiti, la sivyo utakalia plastiki na ukifika Naivasha utakuwa umekufa ganzi hadi masikio. Yangu ilikuwa 2,500 na kava mpya. Kama unaweza pata kiti kingine cha kuchezea, chonga hicho, orijino iweke chini ya kitanda.

Halafu buti yenye soli nene, sentimita mbili tatu za bure. Na mkazo wa springi ya shoki ya nyuma: wewe ni mwepesi, kama pete ya springi imekazwa ya mtu wa kilo 90 pikipiki haizami ukiikalia, ilegezwe kidogo utaona imeshuka yenyewe. Kidogo, nimesema.

Na jifunze kusimama na mguu mmoja. Acha hii kiburi ya miguu miwili bapa. Sogeza tako upande wa kushoto, mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwa breki ya nyuma. Angalia boda wa kwenu hapo steji, kuna kajamaa hapo ni kafupi kukushinda na kanabeba magunia matatu ya kabeji, umewahi kukaona kamesimama na miguu miwili?

Ukimaliza hayo yote na bado hufiki, hapo ndipo tunaongea linki, ile iliyotengenezwa kiwandani kwa modeli yako, sio ya geti. Na siku hiyo hiyo, kabla hujatoka kwa hiyo garaji, foku za mbele zinapandishwa kwenye klampu zake, pande zote mbili sawa kwa rula, ili pua na mkia vishuke pamoja. Stendi inakatwa na kuchomelewa BAADA ya kushusha, ukipima pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na ikatwe kidogo kidogo kwa sababu ukikata sana hakuna wa kurudisha. Halafu watu wawili wakubwa wakalie nyuma, au uifunge na mikanda uivute chini hadi mwisho, umulike na tochi kati ya tairi na madigadi. Usipoona nafasi, rudisha ilivyokuwa. Na linki yako ya zamani uondoke nayo mkononi, hata kama ina grisi, ifunge kwa gazeti.

Kesho ukienda kwa huyo wako usibishane naye. Muulize tu swali moja: na stendi tutaifanya aje? Akisema "hiyo si shida", washa urudi Ruaka.