Mtoto kapata kichwa mara 13 kati ya 20, kitabu kinasema nusu: nani kakosea?

Ndugu yangu, umeandika kwamba binti yako karusha sarafu mara 20, kichwa kikatokea mara 13, na sasa anafuta daftari kwa kuwa kitabu kinasema nusu. Mwambie asifute. Nafundisha hesabu sekondari, na swali hili hunifikia kila mwaka.

Ile nusu ni uwezekano wa kinadharia. Hujarusha kitu, umeitazama sarafu, ukaona ina pande mbili zisizozidiana, ukasema 1/2. Ile 13/20, yaani 0.65, ni uwezekano wa majaribio: umerusha, ukahesabu kilichotokea.

Darasani kwangu kila mtoto hurusha shilingi 200 mara 20, Karume upande mmoja, simba upande wa pili. Ukipiga hesabu, karibu watoto 13 katika kila 100 watapata Karume mara 13 au zaidi. Kwa hiyo darasa la watoto 40 hutegemea kuwa na watano hivi kama binti yako. Ni jambo la kawaida kabisa.

Wengi hukwama hapa: wanaamini Karume akishatokea sana, sarafu ina deni la simba na lazima ilipe. Sarafu haikumbuki. John Kerrich, mwalimu wa hisabati wa Afrika Kusini aliyewekwa kizuizini Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000. Kwenye 100 za mwanzo alipata vichwa 44, pungufu ya nusu kwa 6. Mwishoni alikuwa na 5,067, zaidi ya nusu kwa 67. Umeona? Pengo la idadi limekua kutoka 6 hadi 67, huku 0.44 ikifika 0.5067. Kinachoisogelea nusu ni uwiano. Hili napenda mtoto alione kwa mkono wake, kwa hiyo mwache aendelee na aandike uwiano mpya kila baada ya mirusho 20.

Akimaliza, mpe kizibo cha soda. Nacho kina pande mbili, lakini kimejikunja ukingoni, kwa hiyo huwezi kusema nusu kwa kukitazama tu. Hapo kitabu hakina jibu la kumpa. Itabidi arushe mara nyingi, ahesabu.